Ameshika balbu kwa kidole gumba, halafu eti gari langu ndilo linalokula taa!

Wakuu, nimerudi sasa hivi kutoka kwa yule fundi ambaye sina haja ya kumtaja, kwa maana kila mwenye gari humu amewahi kupita mikononi mwake na kutoka na taa pungufu ya zile alizoingia nazo. Nilikwenda kubadilishiwa balbu ya taa kubwa ya kushoto, H4 ya halojeni yenye nyuzi mbili za kuwaka, wati 60 kwa 55, niliyoinunua mwenyewe ikiwa ndani ya kisanduku chake, na juu ya kisanduku pamechorwa mkono uliokatwa kwa mstari ili hata asiyejua kusoma aelewe kwamba kioo hakishikwi.

Bwana yule akaitoa kwa kuishika kioo! Akaipuliza, akaisugua kwa kidole gumba chenye grisi ya magari yote yaliyowahi kuundwa tangu injini ibuniwe, akaiinua juu na kutabasamu. Nilipomwambia kwa adabu zote, "Fundi, ya halojeni haishikwi kioo," alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa, akatamka mbele ya vijana wake wote: "Mzee wangu, tatizo si kidole changu. Gari lako ndilo linalokula taa."

Linakula taa! Kioo cha balbu ile kinapofanya kazi hupita nyuzi 250 za Selsiasi, na bila joto hilo gesi ya halojeni iliyomo ndani haiwezi kuirudisha tungsteni, yaani metali ya uzi unaowaka, kwenye uzi wake. Sasa ukiacha mafuta na chumvi ya ngozi juu ya kioo hicho, doa lile hupata joto kuliko sehemu nyingine, kioo hudhoofika na balbu hufa kabla ya siku zake. Kitambaa safi chenye spiriti kidogo kingemaliza kazi. Nilimwomba spiriti, akacheka, na kidole kikarudi pale pale!

Sizungumzii hata kile kifuniko cha mpira cha nyuma ya taa, ambacho alikisahau juu ya betri akafunga boneti, kwa hiyo mvua ikinyesha nitafuga samaki mle ndani. Hilo ningelisamehe. Lakini kidole kile, wakuu, na maneno yale, mbele ya vijana waliokuwa wakicheka huku wameshika spana wasizozitumia!

Bampa Limelegea: Pole sana mkuu. Huyo huyo alinifungia nyuma balbu ya uzi mmoja kwenye soketi ya nyuzi mbili, ingawa vijipini vya ubavuni vya ile ya nyuzi mbili, P21/5W, vimepishanishwa kimo makusudi ili mtu asikosee. Yeye alisukuma mpaka ikaingia. Tangu hapo nikiwasha taa ndogo, taa ile inawaka kwa ukali wa breki, na wanaonifuata wanaamini kwamba nimekanyaga breki tangu mwanzo wa safari. Nikikanyaga breki kweli, taa ndogo za mbele nazo zinaitikia. Nilipomrudia alisema huo ni mfumo wa kisasa.

Msomaji Kimya: Mleta uzi, umenunua balbu mwenyewe na joto la kioo unalijua hadi nyuzi za Selsiasi. Balbu ya H4 inashikiliwa na kiwaya cha springi na plagi ya miguu mitatu. Kwa nini hukuifunga mwenyewe? Au ulikwenda kumlipa mtu ili upate cha kuandika?

Mleta uzi: Mkuu, ungekuwa unalijua gari langu usingeuliza. Upande ule betri imeziba pote na mkono wa binadamu wa kawaida haupiti. Wa kwake unapita. Ndicho kipaji pekee alichojaliwa, naye akakitumia kupaka grisi. Tena mbele ya vijana!

Kiti cha Mbele: Betri tu ndiyo inayokuliza? Kwangu hadi bampa lishuke ndipo taa ya mbele itoke, na aliyechora gari lile bila shaka hajawahi kuunguza balbu maishani mwake.

Taa Hafifu: Mnahangaika na mafundi wakati adui ni wale waliochomeka LED kwenye taa zilizoundwa kwa ajili ya halojeni. Bakuli la taa limepimwa kwa uzi mwembamba uliokaa mahali pamoja, na ukiweka chanzo chenye umbo jingine, mwanga hutawanyika hadi machoni mwa anayekuja. Jana usiku nilipishana na mmoja nikadhani kiyama kimefika, nikaanza kutubu kwa sauti.

Bampa Limelegea: Na indiketa zao zinapepesa mbio, kwa kuwa LED hula umeme mdogo, na flasha, kile kifaa kinachozipepesa, ikadhani kwamba balbu mojawapo imeungua.

Mleta uzi: Naomba turudi kwenye kidole gumba.

Taa Hafifu: Kidole kimesikika, mkuu. Tuambie kwanza, balbu yenyewe inawaka?

Mleta uzi: Inawaka. Nimetoka kuangalia sasa hivi, na iliyozimika ni ya kulia.

Msomaji Kimya: Nilijua! Balbu zilizofungwa siku moja hufa kwa kufuatana, ndiyo sababu watu huzibadilisha mbili mbili. Rudi kwa rafiki yako, na safari hii mpelekee glavu.

Kiti cha Mbele: Mkimaliza utani, nisaidieni na bampa. Klipu za plastiki zinavunjika kila likishushwa, na sasa upande mmoja unaning'inia.

Bampa Limelegea: Karibu chamani, mkuu. Mimi nimelifunga kwa waya, na jina langu unaliona.

Kiti cha Mbele: Waya wa unene gani?