Mti mpya wa bunduki ya zamani ya Lee-Enfield: mninga, mjozi (walnut) au plastiki ya kuagiza?

Mkulima wa Sanya Juu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninamiliki kihalali bunduki aina ya Lee-Enfield No. 1 Mk III ya risasi za .303, iliyoingia nchini ikiwa masalia ya jeshi la Uingereza. Ilikuwa ya marehemu baba yangu, na baada ya mirathi nilifuata utaratibu wote wa polisi hadi nikapata leseni kwa jina langu. Hutoka kabatini mara chache, pale nguruwe pori wanapovamia mahindi na nikiwa na kibali mkononi.

Mwezi uliopita, nikiwa naisafisha, niliona ufa katika mti wa mbele, ule unaoshika mtutu kwa chini. Umeanzia nyuma kabisa, pale mti unapokutana na chuma, nao una urefu wa kidole cha shahada. Kitako cha nyuma ni kizima, ila ni kifupi kwangu na mti wake umekauka.

Seremala mmoja wa Moshi, rafiki yangu wa siku nyingi, yuko tayari kunichongea mti mpya wa mninga, lakini anataka nimwachie bunduki kwa wiki moja ili apate vipimo. Wengine wananishauri niagize mti wa plastiki kutoka ng'ambo. Tena nimesoma kwamba Marekani mtu hubadilisha kitako ili kupunguza idadi ya vipande vya kigeni ndani ya bunduki yake. Je, sharti hilo linanihusu, na ni mti gani utakaodumu bila kuniingiza katika kosa?

Fundi wa silaha, Arusha:

Pole kwa ufa huo, ndugu yangu. Nianze na jambo lisiloweza kusubiri: usimwachie seremala bunduki, hata kwa usiku mmoja, hata kama mmekua pamoja. Leseni yako imekuruhusu wewe kukaa nayo, si yeye, na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka anayetengeneza silaha awe na leseni ya kazi hiyo. Mpelekee fundi mwenye leseni, naye auvue mti wa mbele. Seremala apelekewe ule mti mtupu, ambao ndio anaouhitaji kwa vipimo. Kabla ya hapo, mwandikie Mkuu wa Polisi wa Wilaya barua fupi ukieleza unachobadilisha, kisha utunze nakala iliyogongwa mhuri.

Sasa kuhusu huo ufa. Bunduki hii ina mti wa vipande viwili, na kitako cha nyuma hushikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake. Katika No. 1, ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya mraba, nayo hukaa ndani ya kibati kilichomo kwenye mti wa mbele. Mtu akiizungusha bolti kabla ya kuuvua mti wa mbele, kona za mraba ule huusukuma mti kutoka ndani na kuupasua mahali hasa ulipopataja. Je, kuna mtu aliyewahi kukaza kitako?

Unapochagua mti mpya, angalia zaidi zile nyuso mbili ndogo za nyuma ya mti wa mbele zinazopokea msukumo kila risasi inapotoka. Zisipokaa sawasawa na chuma, upande mmoja utabeba mzigo wote na mti utapasuka tena, uwe mninga au mjozi. Kiwanda cha Lithgow kule Australia, kilichotengeneza pia bunduki hizi, kilipotumia mbao laini kuliko mjozi, kiliweka vibati vya shaba mahali hapo, na fundi wako anaweza kufanya vivyo hivyo.

Kuhusu kitako kifupi, huna haja ya kuchonga. Waingereza walivitengeneza kwa urefu tofauti, vikipishana nusu inchi, na kuvigonga herufi: B kwa kifupi kabisa, kisha S, vya kawaida havikuwa na alama au vilikuwa na N, na L ni kirefu. Tafuta kirefu zaidi cha asili kupitia muuzaji mwenye leseni. Ule mti wa zamani usiutupe, kwani mara nyingi namba ya bunduki imegongwa pia upande wake wa chini karibu na mdomo wa mtutu.

Mwanasheria wa Njiro:

Sharti ulilosoma ni kifungu cha 922(r) cha sheria ya shirikisho la Marekani. Kinahusu bunduki zinazojikoki zenyewe zilizounganishwa kule kwa vipande vya kigeni: vipande 20 vimeorodheshwa, kitako kikiwa kimojawapo, na havitakiwi kuzidi 10 vilivyotoka nje. Bunduki yako hukokiwa kwa mkono, kwa hiyo hata kule isingeguswa. Hapa kwetu jambo la msingi ni kwamba namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya leseni, na isisuguliwe wala kufunikwa. Vitako vya kukunjwa ningeviacha kabisa, maana vinaibadili bunduki kuwa kitu ambacho ofisa aliyekupa leseni hakukiona.

Mstaafu wa misitu, Moshi:

Mwanangu, mninga unafaa. Uzito wake ni kama kilo 640 kwa mita ya ujazo, karibu sawa na mjozi, na sifa yake kubwa ni kwamba haupindi wala kusinyaa sana masika yanapopita na kiangazi kuingia. Mpingo usikutamanishe kwa uzuri wake. Huzama majini, na bunduki itakulemea. Chagua kipande kilichokaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 hivi, chenye nyuzi zinazokwenda sambamba na mtutu bila kukatiza pale nyuma penye msukumo. Muuzaji akupe risiti na akuonyeshe kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Seremala naye afunge pua na mdomo anapopiga msasa, kwani vumbi la mninga huwasha.

Mkulima wa Sanya Juu amejibu:

Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Fundi, umenigusa. Mwaka jana kitako kilikuwa kinacheza, nami mwenyewe nikaingiza bisibisi ndefu kwa nyuma na kukaza kwa nguvu, huku mti wa mbele ukiwa umefungwa. Nimetazama juu ya kitako sasa hivi: kuna herufi S. Barua ya polisi nitaipeleka Jumatatu, na bunduki itabaki kabatini hadi fundi atakapouvua mti.