"Presha hiyo hapo!": Yule fundi mnayemjua leo kanirushia petroli usoni

Wakuu, naandika huku shati linanuka petroli, nikikosea herufi mnisamehe. Jina sitaji. Mnamjua. Yule wa ovaroli isiyojua sabuni, anayetaja ugonjwa wa gari kabla hujazima injini.

Pikapu yangu ya zamani tambarare inakwenda. Mlimani ukikanyaga inaishiwa pumzi, inakohoa, unapitwa na watembea kwa miguu wenye mizigo. Ikishapata moto ukaizima, kuiwasha tena stata inalia mpaka betri inaomba poo. Nikamwambia kwa adabu: fundi, nahisi presha ya mafuta ni ndogo, tupime. Akaitafuta ile valvu kwenye reli ya nozeli, bomba linalogawia nozeli petroli ya kupuliza injini, ile valvu inayofanana na ya tairi, iliyowekwa pale ili mtu afunge GEJI ya kupimia presha. Akaidunga na bisibisi. Sigara mdomoni! Petroli ikanipata usoni, yeye akapiga makofi: "Presha hiyo hapo! Umeridhika?"

Umeridhika?! Vijana wake wamecheka mpaka mmoja kaangusha spana.

Hata soda ukiitikisa inaruka, jamani. Injini hii inataka presha ya psi 60. Ikiwa na 40 ingeruka vilevile na kunipofusha vilevile. Na kashanibadilishia plagi, koili, na sensa ambayo naapa haikuwahi kuwemo kwenye gari hili. Filta ya mafuta hajaigusa. Rilei, swichi inayoipa pampu umeme, hajaigusa. Sigara mdomoni, petroli usoni kwangu, "umeridhika?" Nimenawa, bado naisikia.

SpanaKumi: Mleta uzi, swali moja tu. Uliridhika?

MamaDizeli: Hahaha! Kaka, tafuta geji yako mwenyewe. Ifunge, washa swichi bila kupiga stata, pampu itavuma kama sekunde mbili halafu inyamaze. Soma. Ikipanda kisha ikaporomoka, mafuta yanarudi mahali: valvu ya pampu, nozeli au regyuleta, ile inayodhibiti presha. Chomoa na mpira wa vakyumu wa regyuleta. Ukikuta petroli ndani yake, dayaframu, utando wa ndani ya regyuleta, imepasuka.

Mleta uzi: Dada, geji anayo! Inaning'inia ukutani, nailoni yake haijatolewa!

KaburetaMilele: Ndiyo maana mimi kabureta siachi. Psi 4 hadi 7 inaridhika, hakuna wa kunirushia kitu.

MamaDizeli: Na mlimani unapanda kwa dua.

WayaMwekundu: Pampu mnaisingizia. Kwenye pikapu za zamani athi ya pampu imefungwa kwenye chasisi, inaliwa na kutu. Pima volti kwenye soketi ya pampu ikiwa inafanya kazi. Betri ina 12.5 na pampu inapata 9? Hata ufunge mpya italegea. Fundi wangu hakupima, kashusha tenki likiwa limejaa, likamwangukia kifuani, kisha akanidai mimi hela ya dawa.

SpanaKumi: Ulimlipa?

WayaMwekundu: Alikuwa amelala juu ya funguo zangu. Ningefanyaje?

JiraniMwema: Natoka nje ya mada kidogo. Ukiwa na pikapu, kila anayehama nyumba ni ndugu yako. Wanaazima tenki limejaa, wanarudisha taa ya mafuta inawaka. Pampu ya ndani ya tenki inapozwa na petroli yenyewe, ikipungua inapata moto, ndivyo wanavyotuulia pampu.

KaburetaMilele: Hapo umenigusa. Shemeji yangu kabebea kabati, geti la nyuma tangu siku hiyo nafunga kwa kamba.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwa fundi.

JiraniMwema: Subiri kwanza, mkuu. Kabati la milango mingapi?

KaburetaMilele: Minne. Na kioo.

MamaDizeli: Na yeye alikaa wapi?

KaburetaMilele: Juu ya kabati.