Mtoto mwenye kipaji: asubiri la saba, arushwe darasa, au aende kwenye usaili wa shule ya binafsi?

Mama_Ipagala: Wanajamvi, habari za asubuhi. Nipo Dodoma mjini. Mtoto wangu ana akili sana, mwalimu wake ameniambia nimwangalie asije akaichoka shule. Nina njia tatu: abaki shule ya serikali hadi mtihani wa la saba, arushwe darasa, au nimpeleke shule ya binafsi inayofanya usaili na kuwaweka wenye uwezo darasa lao. Usaili ni Jumamosi hii na fomu nimeshalipia. Naombeni ushauri.

Mwl_Kondoa: Dada, hujasema yuko darasa la ngapi, ana umri gani, wa kike au wa kiume. La nne alipata nini? Na anasoma kwa lugha gani?

Baba_Nkuhungu: Asubiri la saba. Masomo sita, alama 50 kila moja, jumla 300, na msahihishaji hamjui baba yake. Wanaofanya vizuri zaidi ndio wanaochukuliwa sekondari za serikali za vipaji maalumu: Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Tabora Wavulana, Tabora Wasichana, na hapa kwetu Msalato. Hakuna cha mjomba.

Mwl_Kondoa: Mkuu, mtihani ule unapima alichofundishwa, na maswali mengi ni ya kuchagua jibu. Mmoja anashinda twisheni, mwenzake akitoka shule anachunga mbuzi, halafu wanalingana alama. Kipaji kikubwa kiko kwa nani? Karatasi haiwezi kukwambia.

Mzabibu_Hombolo: Usaili nao msiuendee kichwa kichwa. Wa kwangu alisoma huku Hombolo, kwa Kiswahili, na darasani alikuwa wa kwanza. Shule moja ya mjini ikampa karatasi yote kwa Kiingereza. Swali mojawapo la hesabu lilihusu mistari ya miche. Miche ya zabibu anaipanda na babu yake, lakini neno lile kwa Kiingereza hakuwahi kulisikia, akaacha wazi. Maswali mengine yakawa hivyo hivyo. Tukaambiwa, naye amesimama pale pale, kwamba ni mzito, arudi darasa moja nyuma. Kwenye daladala hakusema neno mpaka tunashuka. Mwaka mzima hakunyoosha mkono darasani. Walipima Kiingereza wakakiita akili. Mpaka leo inaniuma.

Dom_Makulu: Pole sana ndugu. Vipo vipimo visivyo na maneno. Kile cha Raven kilitoka Uingereza mwaka 1938: mtoto anaangalia maumbo yanavyofuatana, anachagua linalokosekana. Na huko Florida, Marekani, wilaya moja kubwa ilikuwa ikingoja walimu na wazazi wawataje wenye vipaji. Mwaka 2005 ikaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili, wakaonekana wengi zaidi wa familia maskini ambao hakuna aliyewahi kuwataja.

Baba_Nkuhungu: Florida siyo Dodoma. Darasa la watoto mia, mwalimu mmoja, nani atawapima?

Dom_Makulu: Kipimo cha maumbo wanaweza kufanya darasa zima kwa pamoja, mkuu.

Mama_Ipagala: Samahani, nilikuwa kazini. Ni wa kike, miaka 10, yuko la tano, anasoma kwa Kiswahili. La nne alipata B. Ila redio ya babu yake iliyokufa aliifungua yote, akaifunga, ikaongea. Hesabu za kaka yake wa kidato cha kwanza anazifanya.

Mwl_Kondoa: B na redio imeongea! Mtihani haukumwona huyo. Kumrusha darasa sishauri, atawakosa wenzake na mada za katikati. Waombe wampime hesabu kwa Kiswahili.

Bibi_Chamwino: Mwanangu, hiyo shule ni ya bweni? Miaka 10 bado anahitaji kulala kwa mama yake.

Baba_Nkuhungu: Mama, shikamoo. Mimi nililala bweni tangu la nne na nikakomaa.

Bibi_Chamwino: Marahaba baba. Ulikomaa, lakini mama yako ulimuuliza alilalaje?

Mama_Ipagala: Shikamoo Bibi. Bweni ni hiari. Nimempigia mwalimu wa taaluma, karatasi ya Kiswahili hawana. Nimeomba asomewe maswali, kasema atanijibu kesho.

Mzabibu_Hombolo: Wakikubali, muulize nani atakayemsomea. Na matokeo mbele ya mtoto wasiyatoe.