Laptopu bubu kwenye Linux: kerneli mpya au mstari mmoja tu?

Kijana wa Makorora
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua laptopu iliyotumika, ya Intel, nikaweka Linux Mint 21. Wifi safi, skrini safi, sauti hamna. Kwenye mipangilio naona "Dummy Output" tu, yaani kifaa cha sauti cha bandia. Kerneli, yaani kiini cha mfumo, `uname -r` inasema ni 5.15. Mmoja kaniambia nipandishe kerneli, mwingine kasema nibandike mstari mmoja yaishe. Keshokutwa nina usaili wa mtandaoni, na bando limebaki giga moja na ushee. Nishike lipi?

Fundi Ngamiani
Kabla ya yote, andika `aplay -l` kwenye terminali. Ikikutajia kadi, kerneli haina kosa: fungua `alsamixer`, F6 uchague kadi, tazama kama Master au Speaker ina MM, yaani imenyamazishwa. Bonyeza M. Juzi mtu kaniletea mashine kaifomati mara mbili, kumbe MM! Nikaona haya hata kumtoza.

Kijana wa Makorora
Hakuna kadi. Kwenye `dmesg`, kumbukumbu za kerneli, naona maneno ya sof.

Kahawa Chungu
Hiyo sof ni draiva mpya ya sauti ya Intel. Basi ongeza `options snd-intel-dspcfg dsp_driver=1` kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d, zima, washa. Draiva ya zamani ya sauti, HDA, inashika kazi. Bando haliguswi.

Bi Raskazone
Kahawa, mwenzio ana usaili. Maiki ya ndani ya laptopu nyingi za namna hii ni ya kidijitali, imeungwa kwenye DSP, chipu ya kuchakata sauti. Ukirudi HDA spika zaweza kulia, maiki ikafa. Atawasikia, wao wasimsikie. Kwa kusikiliza taarabu tu, sawa.

Mdogo wangu, fungua Update Manager, menyu ya View, Linux Kernels, chukua 6.8. Inatoka Ubuntu 22.04, imetiwa saini, na marekebisho ya usalama yanakuja yenyewe. Ya 5.15 usiifute, mambo yakiharibika, ingia Advanced options za GRUB, ile menyu ya kuwashia, urudi nayo.

Kahawa Chungu
Hapo kwenye maiki umenishinda, dada. Ila kwa nini asichukue kerneli mbichi kabisa, ya mainline, isiyopitia marekebisho ya Ubuntu?

Fundi Ngamiani
Nilijaribu kwenye mashine yangu mwenyewe. Kwanza Secure Boot, ulinzi unaokagua saini wakati wa kuwasha, ikaikataa, maana zile hazina saini inayotambulika. Nikaizima. Ikawaka, sauti ikaja, wifi ya Broadcom ikapotea: moduli yake, yaani draiva, haikujengeka kwenye kerneli ile. Nikabaki na waya wa simu kutafuta intaneti. Mainline ni pale 6.8 ikishindwa, si kabla.

Kijana wa Makorora
Nimeweka 6.8, `uname -r` imekubali. Bado bubu! Ila sasa `dmesg` inasema "Direct firmware load for intel/sof… failed with error -2".

Bi Raskazone
Afadhali, sasa imesema inachotaka. Hiyo -2 maana yake faili halipo. Draiva imekuja, faimwea, programu ya kulisha DSP, hamna. `sudo apt install firmware-sof-signed`, kisha zima uwashe.

Kijana wa Makorora
Imelia! Tena niliacha sauti mia kwa mia, mama kashtuka jikoni. Maiki nimeijaribu, inanasa, ila kwa mbali sana.

Fundi Ngamiani
`alsamixer`, F4, pandisha Capture. Na leo usiguse kingine mpaka usaili upite.