Wanafunzi hawasogei bila mwalimu: nianzie wapi kuwafundisha kujisomea?

ChakiNyeupe
Habari za majukumu wakuu. Nafundisha hisabati na sayansi, darasa la wanafunzi 40, umri miaka 12 hadi 14. Si wazembe, kazi wanafanya. Shida ni kwamba hakuna anayesogea bila kuambiwa. Swali la 1 likiisha, mkono juu: "Mwalimu, niko sawa?" La 2, mkono tena. Niliwapa wiki nzima wachague mada wenyewe na wajipangie muda. Wengi wameleta kurasa zilizonakiliwa kitabuni neno kwa neno. Nimekosea wapi? Naomba hatua za kufuata, nadharia ninazo za kutosha.

Kigawe
Mwalimu, wiki ile uliwakabidhi mambo manne kwa mkupuo: kuchagua cha kusoma, kuchagua namna ya kukisoma, kugawa muda, na kuamua kama wameelewa. Asiyewahi kushika hata moja kati ya hayo atanakili kitabu, maana kunakili ndiyo kazi pekee ambayo ana hakika ikiisha imeisha.

Kabidhi moja moja, na uanze na lile la mwisho. Wengi huanza na uhuru wa kuchagua mada kwa sababu ndio unaopendeza machoni. Lakini asiyejua kama yuko sawa au la atachaguaje cha kusoma kesho? Atachukua anachokijua tayari, au kilicho kifupi.

Huyo wa "niko sawa?" ndiye mlango wako. Usimjibu ndiyo wala hapana. Muulize, "Umehakiki vipi?" Atabaki anakutazama, kwa sababu kuhakiki hajafundishwa. Basi kufundishe kama unavyofundisha mada nyingine. Tuseme kajumlisha 3/4 na 1/6, kapata 4/10: kiasi kwa kiasi, asili kwa asili. Kabla hujagusa KDS (kigawe kidogo cha shirika), mwambie atazame ukubwa. 3/4 peke yake imeshazidi nusu, na 4/10 haifiki nusu. Umeongeza kitu, kikapungua? Kosa kalikamata mwenyewe, na njia hiyo ataitumia kwa kila swali la kujumlisha sehemu. Ndipo arudi kwenye KDS, ambayo ni 12: 9/12 + 2/12 = 11/12.

Kila mada ipe njia mbili za uhakiki, zikae ubaoni muda wote. Chagua kati ya hizi tatu. Kukadiria kabla ya kukokotoa. Kurudi kinyumenyume, yaani kuingiza jibu kwenye mlinganyo uone kama pande zinalingana. Kutazama vipimo: umeulizwa eneo, mbona jibu lako ni sentimita tupu?

ChakiNyeupe
Shukrani mkuu. Ila niliwahi kuwapa karatasi ya majibu wajisahihishe. Wakaangalizia. Kila daftari 10/10, mtihani ukaja ukatuumbua sote.

WinoMwekundu
Alama ndizo zilizowafanya waangalizie. Ukiichukua ile 10/10 ukaiingiza kwenye rekodi, umemlipa mtu kwa kudanganya. Kujisahihisha kusiwe na alama hata moja.

Halafu badili utaratibu wenyewe. Peni ya kufanyia kazi inaingia kwenye mkoba kabla karatasi ya majibu haijafunguliwa. Kuanzia hapo ni peni ya rangi nyingine tu. Karatasi ionyeshe hatua zote, maana namba ya mwisho ikikaa peke yake haimwambii alipopotea. Kosa halifutwi. Pembeni yake anaandika herufi moja: H kama ni haraka (anajua, kateleza), S kama hakuelewa swali linataka nini, N kama njia yenyewe haijui. Kila penye N anafanya swali jingine la aina hiyo, majibu yakiwa yamefunikwa.

Pa kuangalia: mwanzoni karibu kila kosa litaitwa H. Nani anapenda kuandika kwamba hajui? Weka sheria kuwa H tatu za aina moja katika wiki zinageuka N. Na wewe usijitwishe madaftari 40. Kagua matano kwa siku, tazama herufi kama zinaendana na kosa, basi. Siku nane za kazi umezunguka darasa zima.

JabaliLaKusi
Mnawadekeza. Waacheni wahangaike, akili itakuja yenyewe. Asiyetaka shauri yake.

Kigawe
Jabali, kuhangaika kuko kwa aina mbili. Yupo mwenye vipande vyote ila hajaviunganisha. Huyo mwache ahangaike, ndiyo shule yenyewe. Na yupo asiye na kipande hata kimoja. Huyo anabahatisha, anachoka, anaondoka na kosa alilolizoea. Kwa anayeanza mada, mfano uliokokotolewa hatua kwa hatua unafundisha kuliko swali tupu. Kwa aliyekwisha kuijua, mfano huohuo unamchosha na kumpotezea muda.

Kwa hiyo msaada unaufuta kidogo kidogo, ukianzia mkiani. Mfano wa kwanza kamili. Wa pili, hatua ya mwisho imefutwa, aijaze. Wa tatu, hatua mbili za mwisho. Wa nne swali tupu. Akikwama kwenye wa tatu mrudishe kwenye wa pili, usimrudishe mwanzo kabisa. Na kwa kila hatua iliyoandikwa aseme kwa nini imefanyika, la sivyo atajaza mapengo kwa kufuata sura ya mfano bila kuelewa chochote.

JabaliLaKusi
Hapo sawa, nimeelewa. Ila ukisaidia kila dakika utabaki na walewale wa mkono juu.

MezaYaMaabara
Hapo Jabali ana hoja. Weka bei kwenye msaada. Anayetaka mwalimu aandike kwanza mistari mitatu kwenye kikaratasi: nimejaribu nini, nimekwama mstari wa ngapi, nadhani tatizo ni lipi. Bila mistari hiyo hufiki kwenye dawati lake. Wengine watajijibu wakiwa kwenye mstari wa pili. Hasara yake ni kwamba mpole ataona afadhali anyamaze kuliko kuandika, kwa hiyo pita kwenye madawati ya wasioomba kitu kabla ya wanaoomba.

Na ukiuliza swali, subiri. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyechunguza vipindi vya sayansi, alikuta walimu husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kujibu wenyewe au kuhamia kwa mwingine. Wakifikisha sekunde 3, majibu hurefuka na wanafunzi huanza kuuliza maswali yao. Hesabu kimoyomoyo, sekunde 3 utaziona ndefu kweli.

ChakiNyeupe
Hili la kusubiri linanihusu sana. Vipi upande wa sayansi? Huko wanasoma notsi mara nne, wanasema wameelewa, kesho hakuna kitu.

MezaYaMaabara
Kusoma mara ya nne kunawadanganya, kwa sababu maneno yameshazoeleka machoni na wao wanadhani kuzoea ndiko kujua. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki 1, waliojipima kwa kuandika walichokumbuka waliwapita. Mwanafunzi hupima kwa zile dakika 5, ndiyo maana hakuamini ukimwambia.

Utaratibu: anasoma ukurasa mmoja, anafunga kitabu, anaandika anachokumbuka kwa dakika 4, anafungua na kujaza yaliyosahaulika kwa rangi nyingine. Hiyo rangi nyingine ndiyo orodha yake ya kusoma kesho, na hapo kashaanza kujichagulia bila wewe kumwambia.

Kwa istilahi, sanduku la kadi la Leitner, kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili (la mwaka 1972, halijazeeka). Vyumba vitatu vinatosha: cha kwanza kila siku, cha pili kila siku ya tatu, cha tatu mara moja kwa wiki. Ukipatia, kadi inasogea mbele. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa cha tatu. Wanapoharibu ni kwenye kuandika kadi. "Usanisinuru" upande mmoja na aya nzima upande wa pili hiyo si kadi, ni notsi zilizokatwa. Kadi moja, swali moja: "Mmea unaingiza hewa gani kwa ajili ya usanisinuru?" Na jibu litamkwe au liandikwe kabla ya kugeuza. Akigeuza haraka, amerudi kusoma.

ChakiNyeupe
Nikizipanga, hizi hatua zichukue muda gani? Na ile wiki ya kujichagulia niitupe?

Kigawe
Usiitupe, iweke mwisho. Wiki 3 za kwanza uhakiki na zile herufi tu, usiongeze kitu. Ukiona N zinaandikwa bila aibu, leta muda: kabla ya kazi mwanafunzi anaandika "dakika ngapi", baada ya kazi anaandika zilizotumika kweli. Wengi watakadiria pungufu. Usiwasute, waache waone tofauti wenyewe kwa wiki 2, kisha wapange upya. Baada ya hapo uchaguzi, uanze mdogo: seti mbili za mazoezi, na aseme kwa sentensi moja kachagua hii kwa sababu ya kosa gani kwenye daftari lake. Mada nzima ije baadaye, tena iwe na swali la kujibu. "Chunguza maji" italeta kunakili. "Kwa nini chumvi huyeyuka upesi kwenye maji ya moto, na utaonyeshaje?" haina ukurasa mmoja wa kunakili.

WinoMwekundu
Nyongeza kwa ajili ya kesho asubuhi: tahadhari na wale watatu au wanne wanaomaliza mapema. Ukiwafanya wasaidizi wa darasa, wenzao watahamishia kwao ile "niko sawa?" yako. Wape sheria ileile: hawasemi ndiyo, hawasemi hapana, wanauliza "umehakiki vipi?"