Dari la ofisi linatoa jasho, AC zinapiga baridi tu. Ushauri wakuu

Msimamizi_Upanga: Heshima kwenu. Nasimamia jengo la ofisi, ghorofa 4, hapa Dar. Tangu masika yaanze dari linatoa jasho. Jana tone limedondokea leja ya mhasibu, wino ukachuruzika ukurasa mzima. Pembeni ya matundu ya AC kuna ukungu mweusi. Thamostati inasoma 22, ila karatasi zimelegea kama chapati. Nataka mashine kubwa zaidi. Ipi inafaa?

Mama Kibarazani: Pole mwanangu. Mie dukani nilizima AC, nikafungua madirisha, jasho likakoma. Joto ndio nimelizoea.

Fundi Koili: Usinunue kubwa mkuu. Itapoza chumba haraka na kuzima kabla koili, yaani yale mabomba ya baridi ndani ya AC, haijakamua maji hewani. Hewa ya nje inaingilia wapi?

Msimamizi_Upanga: Feni ya paani, kawaida tu.

Fundi Koili: Inapita kwenye koili?

Msimamizi_Upanga: Hapana. Koili yake ilitoboka mwaka jana, nikaielekeza hewa moja kwa moja darini. Bosi alitaka bili ishuke, na ilishuka. Halafu hiyo mashine nimeshalipia nusu.

Mzee wa Gesti: Ndio sisi. Hela kwanza, swali baadaye.

Mpima Chai: Hii chai. Juzi ulikuwa Mwanza unauza dagaa!

Msimamizi_Upanga: Dagaa ni wa mke wangu, akaunti tunatumia wote.

Mzee wa Gesti: Bei gani kwa debe?

Fundi Koili: Chai au si chai, hesabu ni ileile. Hewa ya nyuzi 32, unyevu asilimia 70, ina gramu kama 21 za maji kwa kilo. Ofisi ya nyuzi 24 kwa asilimia 50 inataka 9 hivi. Feni ya lita 1,000 za hewa kwa sekunde inakuingizia karibu lita 50 za maji ya ziada kila saa. Rudisha koili, hewa ipozwe hadi nyuzi 13 hivi, ijikamue ndipo iingie.

Msimamizi_Upanga: Nikiizima feni tu?

Fundi Koili: Watu watasinzia saa nane mchana, na feni za vyooni zitavuta unyevu uleule kupitia kila ufa.

Msimamizi_Upanga: Nimepanda paani. Kibao cha feni kinasema lita 1,400.

Mpima Chai: Picha.

Fundi Koili: Ndoo tatu na nusu kila saa, mkuu.

Msimamizi_Upanga: Picha hiyo hapo. Asubuhi nampigia muuzaji, kama atarudisha hata robo.