Mjadala: Rais ana haki gani ya kulikata jina la msanii? Kisa cha Nora Aunor wa Ufilipino

Mpishi wa Ruwi (mwenye mada)

Wadau, salaam. Mimi ni mpishi hapa Muscat na nusu ya wenzangu jikoni ni Wafilipino. Jumatano ya tarehe 16 Aprili 2025 niliingia zamu nikamkuta dada mmoja mtu mzima, tunamwita Ate, ndilo neno lao la dada mkubwa, anakata vitunguu huku machozi yanamtiririka. Nikamtania kuhusu kisu butu. Hakucheka. Nora Aunor alikuwa amefariki, na jikoni zima la Kifilipino lilikuwa na msiba.

Kwa msiomjua: alizaliwa mwaka 1953 Iriga, mkoa wa Camarines Sur, familia ya kimaskini, na utotoni aliuza maji kwa abiria stesheni ya treni. Akatokea kwenye mashindano ya kuimba, akaingia kwenye filamu. Alikuwa mfupi, rangi ya maji ya kunde, enzi ambazo nyota wa sinema za kule walikuwa machotara weupe. Mashabiki wakamwita Superstar, na wengine Ate Guy. Mwaka 1995 aliigiza kama Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani wa Kifilipino aliyenyongwa Singapore mwezi Machi mwaka huohuo, na tamasha la filamu la Cairo likampa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Mtu aliyeacha watoto kwao akaja kupiga pasi nguo za watu huku Ghuba hahitaji kuelezwa kwa nini filamu ile inamliza.

Sasa mada yenyewe. Ufilipino wana heshima ya juu kabisa kwa wasanii, Msanii wa Taifa. Aliianzisha Rais Ferdinand Marcos, yule mzee, kwa tangazo namba 1001 la tarehe 27 Aprili 1972, na wa kwanza kuipata ni mchoraji Fernando Amorsolo aliyekuwa amekufa siku tatu tu kabla. Mwenye nayo analipwa posho ya kila mwezi maisha yake yote, anatibiwa kwa fedha za serikali, na akifa anazikwa kitaifa Libingan ng mga Bayani, makaburi ya mashujaa. Majina yanachujwa na wataalamu wa kila fani, kisha bodi mbili zinakaa pamoja, ya Kituo cha Utamaduni (CCP) na ya Tume ya Taifa ya Utamaduni na Sanaa (NCCA). Kutoka hapo orodha inakwenda Ikulu ya Malacañang.

Mwaka 2014 jina la Nora lilivuka vizingiti vyote hivyo. Lilipofika mezani kwa Rais Benigno Aquino III, likakatwa. Sababu aliyoitoa baada ya watu kupiga kelele: Nora alikamatwa na dawa za kulevya uwanja wa ndege wa Los Angeles mwaka 2005, naye hataki wananchi waone kwamba hilo ni jambo dogo. Orodha ya 2018, chini ya Rais Duterte, nayo ikatoka bila Nora. Akaja kutangazwa Juni 2022.

Msimamo wangu: kazi ya rais hapo iwe kuweka saini na kumvika mtu nishani. Kuchagua awaachie waliokaa na kazi za wasanii. Karibuni.

Mama Wawili, Mombasa

Kaka, mimi niko na Aquino, na sioni haya. Sisi huku Pwani tumezika vijana kwa ajili ya unga. Mtaani kwangu kuna kijana alikuwa anaimba kasida mpaka watu wazima wanainamisha vichwa, leo anaokota vyuma. Serikali ikimvalisha mtu nishani, na watoto wote wanajua alikamatwa na nini, mimi nimwambie nini wangu? Sanaa yake ni nzuri, sawa. Apewe tuzo za sanaa, na mwenyewe umesema Cairo walimpa. Hii nyingine inaitwa ya *taifa*.

Kalamu Kavu

Mama Wawili, nakuelewa, lakini kanuni za tuzo zinasema mtu apimwe kwa kazi. Ingekuwa kwa tabia, nusu ya washairi wa dunia hii tungewafuta.

Wakili Njiani

Mwenye mada ameanzia katikati, niruhusuni nirudi nyuma kidogo. Bila mwaka 2009 huwezi kulielewa hili.

Mwaka huo zile bodi mbili zilipeleka kwa Rais Gloria Arroyo majina manne: Manuel Conde wa filamu, Lazaro Francisco wa fasihi, mchoraji Federico Aguilar Alcuaz, na mtunzi wa muziki Ramon Santos. Orodha ilipotoka Ikulu ilikuwa na majina saba. Santos katolewa, na wageni wanne wameingia: Carlo J. Caparas wa katuni na filamu, msanifu majengo Francisco Mañosa, mbunifu wa mavazi Pitoy Moreno, na Cecile Guidote-Alvarez wa tamthilia. Huyu wa mwisho wakati huo alikuwa mkurugenzi mtendaji wa NCCA yenyewe! Yaani karani wa mnada kauziwa ng'ombe. Kanuni zao ziliwazuia waziwazi watumishi wa taasisi hizo.

Agosti 2009 wasanii walifanya maziko ya mfano pale CCP, nguo nyeusi na kila kitu, wakaizika tuzo. Kisha wakaenda mahakamani wakiongozwa na wenye nishani wenyewe, akiwemo mshairi Virgilio Almario. Tarehe 16 Julai 2013 Mahakama ya Juu ikafuta uteuzi wa wale wanne.

Sasa hapa ndipo nataka mwenye mada asome polepole. Mahakama haikusema rais ni muhuri tu. Ilisema rais hafungwi na mapendekezo, anaweza kuyakubali au kuyakataa, ila hawezi kutoka nje ya orodha aliyopelekewa. Kwa hiyo Aquino alipomkata Nora mwaka mmoja baadaye hakuvunja sheria yoyote. Kuongeza ni marufuku, kupunguza ruksa.

Mzee wa Kaloleni

Nyote mnasema "wataalamu, wataalamu". Nani aliwachagua hao wataalamu? Rais angalau kapigiwa kura.

Mchukue huyo Caparas. Ndiye aliyetunga hadithi ya Panday, mhunzi mwenye upanga, ambayo Fernando Poe Jr. aliicheza kwenye sinema na taifa zima likaijua. Watu wa vyuo vikuu wakamcheka. Mchukue Dolphy, mchekeshaji aliyewachekesha watu hao vizazi vitatu, redioni, kwenye filamu, kwenye televisheni. Wananchi wakapiga kelele apewe akiwa hai. Akafa Julai 2012 bila hiyo nishani. Halafu mniambie chujio la wataalamu ndilo la haki? Chujio hilo lina matundu ya ukubwa fulani, na mtu wa kuchekesha hapiti.

Kalamu Kavu

Mzee, shikamoo. Kuhusu Dolphy nakubaliana nawe kabisa, lile ni deni. Kuhusu Caparas hapana. Walimpa katika "sanaa za kuona na filamu", na wachoraji wakauliza swali la kitoto: picha zake ziko wapi? Yeye alikuwa mwandishi wa hadithi za katuni, wenye kushika kalamu ya kuchora walikuwa wengine. Ni kama kumpa mtunga mashairi ya taarabu nishani ya kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi.

Na si kweli kwamba wataalamu wanazidharau katuni. Francisco Coching, mchoraji wa katuni hasa, alipewa 2014. Larry Alcala, yule aliyekuwa akijaza ukurasa mzima wa gazeti na watu wadogowadogo wa mtaani, alipewa 2018. Na Mañosa, mmoja wa wale wanne waliofutwa, alirudi kupitia mlango wa kawaida akapewa 2018. Santos naye alirudishiwa 2014. Mlango wa kawaida unafanya kazi, mzee wangu, ila unachelewa.

Mzee wa Kaloleni

Marahaba. Kuchelewa kwa mtu wa miaka 80 ni kunyimwa.

Bi Mkeka, Chake Chake

Mie mada hii naiona mnaigombania upande wa wakubwa tu. Hebu niambieni, mwanamke anayesuka mkeka ni Msanii wa Taifa au siye?

Wenzetu hao wana orodha mbili. Hiyo mnayobishania, halafu nyingine iliyowekwa kwa sheria ya 1992, Gawad sa Manlilikha ng Bayan, ya mafundi wa jadi. Wa kwanza walikuwa watatu, mwaka 1993, na mmoja wao, Samaon Sulaiman, alikuwa mpiga kutyapi wa Maguindanao, zeze lao refu la nyuzi mbili. Mwaka 1998 akapewa Lang Dulay wa Lake Sebu, mfumaji wa t'nalak, kitambaa cha nyuzi za mgomba wa abaca, ambacho michoro yake kwa Watboli, kabila la huko, huotwa usingizini. Mwaka 2004 akaingia Haja Amina Appi wa Tawi-Tawi. Haja, yaani bi hajati, Mwislamu wa kabila la Wasama, visiwani kabisa kusini. Kazi yake mikeka! Majani ya mkadi pori yanatolewa miiba, yanachanwa membamba sawasawa, yanakandamizwa chini ya gogo, yanaanikwa, yanachemshwa kwenye rangi. Niliposoma hayo nikajitazama vidole. Mie ukili nausuka tangu nina miaka saba, na najua ule mstari wa damu unaoachwa na ukindu usiokauka vizuri.

Basi swali langu: kwa nini mchoraji wa rangi za mafuta aitwe Msanii, na huyu aitwe Manlilikha, fundi? Kwa nini makabati mawili? Mnalia kwamba rais kamkata Nora. Hao bibi zangu hata kwenye hiyo karatasi ya kukatwa hawamo.

Wakili Njiani

Bi Mkeka umetushika. Kwa kuwatetea kidogo: ile ya mafundi ina sharti ambalo Msanii wa Taifa hana, nalo ni kufundisha. Mwenye nayo anatarajiwa kurithisha ujuzi kwa vijana, na posho inaendana na hilo. Lang Dulay alikuwa na wanafunzi wake hukohuko Lake Sebu. Pia Abdulmari Imao, mchongaji wa Kitausug kutoka Sulu, alikuwa Mwislamu wa kwanza kupewa Msanii wa Taifa, mwaka 2006, kwa kuchukua mapambo ya jadi ya kwao, yule ndege wa hadithi, sarimanok, na kuyafanya sanamu za shaba.

Bi Mkeka, Chake Chake

Ndiyo hivyo. Ndege akiwa wa shaba na mchongaji kasoma chuo, ni sanaa. Akiwa kwenye mkeka, ni ufundi. Nimeelewa.

Mpishi wa Ruwi (mwenye mada)

Nimesoma yote, nimetoka zamu saa saba usiku.

Bi Mkeka, sina jibu, na sitajifanya ninalo. Naona una haki.

Mzee, jina la Fernando Poe Jr. umelitaja mwenyewe, basi nilitumie. Alishindana na Arroyo urais mwaka 2004, akatangazwa kashindwa, kura zikalalamikiwa, mwisho wa mwaka akafa. Mwaka 2006 Arroyo huyohuyo akamtangaza Msanii wa Taifa. Familia ikagoma kuipokea mkononi mwake. Waliipokea 2012, kutoka kwa Aquino. Hiyo ndiyo hasara ya kumpa rais neno la mwisho: hata nishani ya haki inanuka mkono ulioitoa. Na Aquino aliyeisafisha hiyo ya Poe, miaka miwili baadaye akaichafua kwa Nora.

Wakili, nakushukuru, na umenifanya nibadilishe hoja. Nilikuja kulalamika kuhusu rais kuchagua. Sasa naona ubaya zaidi uko kwenye kukata. Jina la kupachika linaonekana. Linatangazwa, watu wanalizomea, wanavaa nyeusi, wanakwenda mahakamani wanashinda. Jina lililokatwa linaondoka kimya. La Nora tulilijua kwa sababu ni Nora, ana mashabiki wanaoweza kufunga barabara. Mshairi wa Kisebuano asiyejulikana Manila akikatwa nani atajua? Kwa hiyo kama rais lazima abaki na kalamu ya kukata, aandike sababu, aisaini, na itoke siku ileile ya orodha. Aquino alieleza baada ya kelele. Bila kelele asingeeleza.

Mama Wawili, kijana wako wa kasida umenikaa rohoni. Lakini nikuulize: angeacha unga, miaka tisa ikapita, akaimba tena, ungemzuia? Maana kati ya 2005 na 2014 ni miaka tisa.

Mama Wawili, Mombasa

Akiacha, nitamshonea kanzu mwenyewe. Lakini serikali inajuaje ameacha? Mimi namuona kila siku kibarazani. Rais alikuwa akimuona Nora?

Kalamu Kavu

Hapo umeuliza la maana kuliko sote.

Niongeze moja. Mwaka 1976 mwandishi Nick Joaquin alipewa hiyo nishani na serikali ya Marcos, udikteta umepamba moto. Akasema ataipokea kwa sharti moja: mshairi mwenzake, Jose Lacaba, aliyekuwa kizuizini, aachiliwe. Akaachiliwa. Kwa hiyo si kila mara rais ndiye mwenye kalamu peke yake.

Mzee wa Kaloleni

Huyo ningempigia kura mimi.

Mpishi wa Ruwi (mwenye mada)

Leo nimemuuliza Ate mwenyewe, maana tunabishana juu ya kichwa chake. Siku ya maziko, tarehe 22 Aprili, aliegemeza simu kwenye debe la mafuta akatazama yote: jeneza lenye bendera, askari, Libingan ng mga Bayani. Nikamweleza mahakama, orodha, kukata na kuongeza. Akasikiliza huku anamenya kamba. Kisha akaniuliza Nora alikaa na hiyo nishani muda gani akiwa hai. Nikahesabu kwa vidole kuanzia Juni 2022. Miaka miwili na miezi kumi.

Akasema "aya", akanisogezea bakuli la kamba, nikaanza kumenya na mimi.